Mrama wa Nchi Kavu: Utulivu na Uthabiti wa Gari Fupi la Porini katika Barabara Kuu

UTANGULIZI

Kiswahili kilivijua vyombo vya majini karne nyingi kabla ya kulijua gari. Si ajabu basi kwamba sehemu ya msamiati wa gari ilishuka bandarini na kuanza safari ya nchi kavu. Usukani, ambao leo humjia msomaji akilini kama mduara ulio mbele ya dereva, kwanza ulikuwa ubao wa nyuma ya jahazi uliokiongoza chombo. Gari lenyewe huhesabiwa miongoni mwa vyombo vya usafiri. Mambo yanapoharibika husemwa kwamba yamekwenda mrama, ilhali mrama kwa asili ni ule mwendo wa chombo kinachoyumbishwa na mawimbi. Makala haya yanaurejesha msamiati huo kazini ili kufafanua jambo ambalo madereva wengi hulihisi lakini si wengi wanaolieleza: kwa nini gari fupi lililoundwa kwa ajili ya porini hupata mrama linapoingia katika barabara kuu ya lami?

Suala hili si la mafundi peke yao. Nchini Kenya, gari la aina hii mara nyingi hufanya kazi mbili kwa siku moja. Asubuhi huwa katika tope la shamba au katika njia ya mawe ya mbuga, na jioni huwa katika barabara ya Nairobi hadi Mombasa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 480, likipishana na malori ya matrela. Sifa zilizoliokoa asubuhi ndizo zinazoliponza jioni. Dereva asiyejua hivyo huenda akalitibu gari lake kwa dawa ya maradhi mengine, na kosa la namna hiyo barabarani hulipiwa kwa maisha.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba ufupi wa gari na kimo chake ni mambo mawili tofauti yenye madhara tofauti. Ufupi hulifanya gari lisitulie; kimo hulifanya lipinduke. Ufupi ni maumbile ya gari nao hauna dawa isipokuwa kuvumiliwa kwa busara. Kimo, kwa upande mwingine, mara nyingi huongezwa na mwenye gari kwa hiari yake.

UFUPI UNAPIMWA WAPI?

Ufupi unaozungumziwa hapa haupimwi kutoka taa za mbele hadi bamba la nyuma. Hupimwa kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma. Katika makala haya kipimo hicho kinaitwa masafa ya ekseli. Gari linaweza kuwa na boneti ndefu na bado likawa na masafa mafupi ya ekseli, na ni masafa hayo yanayoamua namna linavyokutana na barabara.

Mifano ya kihistoria ni mingi. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mwezi Aprili 1948, ilikuwa na masafa ya inchi 80, yaani takriban sentimita 203. Hayo yalikuwa sawa na ya Jeep ya kijeshi ya Marekani iliyotumika katika Vita Vikuu vya Pili. Baadaye Land Rover fupi iliongezwa hadi inchi 86, na mwaka wa 1956 ikafikia inchi 88, lengo likiwa kupata nafasi zaidi ya mizigo na ya injini. Mwaka wa 1984 ilitokea Land Rover Ninety yenye takriban sentimita 236. Kwa upande wa Japani, Suzuki za miaka ya 1980 zilizojulikana kwa majina kama Samurai zilikuwa na sentimita 203, na Suzuki Jimny tangu mwaka wa 1998 imekuwa na sentimita 225. Kwa kulinganisha, pikapu nyingi za kisasa zenye milango minne hukaribia au kupita sentimita 300.

Waundaji hawakuyafupisha magari haya kwa kubana matumizi tu. Gari lenye masafa mafupi hupita juu ya kichuguu bila tumbo lake kukwama, na hugeuka mahali ambapo gari refu lingehitaji kurudi nyuma mara mbili. Ushahidi mzuri ni Jimny yenyewe. Ile ya milango mitatu iliyozinduliwa mwaka wa 2018 huweza kuvuka kilele chenye pembe ya nyuzi 28 bila kugusa tumbo, na nusu kipenyo cha mzunguko wake ni mita 4.9. Mwaka wa 2023 kampuni ilizindua ya milango mitano, ikaongeza sentimita 34 katika masafa ya ekseli. Kimo cha tumbo hakikubadilika, lakini pembe ile ilishuka hadi nyuzi 24 na nusu kipenyo kikapanda hadi mita 5.7. Hapa pana muhtasari wa suala zima: kila sentimita inayoongezwa kwa ajili ya lami hukatwa kutoka porini, na kila inayokatwa kwa ajili ya porini hudaiwa katika lami.

BAINA YA OMO NA TEZI

Tatizo la kwanza ni la utulivu, yaani hali ya mwili wa abiria. Mabaharia huiita sehemu ya mbele ya chombo omo, na ya nyuma tezi. Mashua fupi inapokutana na wimbi, omo huinuka na tezi huzama, kisha mambo hugeuka. Jahazi refu huweza kulala juu ya mawimbi mawili na likapita kwa heshima. Gari nalo hufanya vivyo hivyo.

Hesabu nyepesi yatosha kulibainisha hili. Magurudumu ya mbele yakipanda juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 6, gari lenye masafa ya sentimita 225 huinama nyuma kwa takriban nyuzi 1.5, ilhali lenye sentimita 300 huinama kwa takriban nyuzi 1.1. Tuta ni lile lile, lakini abiria wa gari fupi amesukwa kwa thuluthi moja zaidi. Aidha, katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, magurudumu ya nyuma ya gari fupi huligonga tuta hilo baada ya sehemu 8 tu za mia za sekunde, na ya gari refu baada ya sehemu 11. Mapigo mawili hufuatana kwa kasi kiasi kwamba abiria huyahisi kama mtikiso mmoja mkali. Mabonde na matuta ya barabara yanapotokea kwa nafasi iliyo maradufu ya masafa ya ekseli, yaani kila baada ya mita 4.5 kwa gari la mfano huu, omo huwa juu wakati tezi iko chini, na kuinama kunafikia upeo.

Ipo sababu ya kimwili inayoufanya mwendo huu uchoshe. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2631, kinachohusu mitikiso inayompata binadamu, huonyesha kwamba mwili uliokaa huathirika zaidi na mitikiso ya juu na chini inapotokea mara 4 hadi 8 kwa sekunde, lakini kwa mitikiso ya mbele na nyuma huathirika zaidi inapotokea mara 1 hadi 2 tu kwa sekunde. Gari linapoinama mbele na nyuma, kichwa cha abiria, ambacho kiko juu ya kitovu cha mwinamo huo, hutupwa mbele na nyuma polepole kwa kadiri hiyohiyo. Shingo na mgongo hufanya kazi mfululizo bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana msafiri hushuka Mombasa akiwa amechoka kana kwamba alitembea, ingawa alikuwa ameketi kutwa nzima.

Mhandisi Mwingereza Maurice Olley, aliyefanya kazi katika kampuni ya General Motors nchini Marekani katika miaka ya 1930, alionyesha njia ya kupunguza hali hii. Springi za mbele zikiwa laini kidogo kuliko za nyuma, sehemu ya nyuma ambayo hupigwa baadaye hunesa kwa haraka zaidi na kuifikia ya mbele, hata gari zima likanesa pamoja badala ya kuinama. Hata hivyo, gari la porini huikaidi kanuni hii kwa namna mbili. Kwanza, springi zake za nyuma hutakiwa kubeba mzigo mzito, kwa hivyo gari likiwa tupu huwa ngumu kupita kiasi. Pili, magari mengi ya aina hii huwa na ekseli nzima ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Ekseli hiyo ni imara porini, lakini ni nzito, na gari lenyewe ni jepesi. Jimny ya 2018, kwa mfano, ina uzito wa takriban kilo 1,100. Uzito unaorukaruka chini ya springi ukiwa mkubwa ukilinganishwa na ule uliotulia juu yake, kila jiwe husikika. Isitoshe, gurudumu moja likiinuliwa, mwenzake wa upande wa pili huinamishwa pia.

WEPESI WA KUGEUKA

Tatizo la pili linahusu uthabiti, yaani uwezo wa gari kushika njia yake na kuirudia likisukumwa. Hapa ufupi hujidhihirisha katika hali tatu.

Hali ya kwanza ni ya usukani. Kwa hesabu ya jiometri pekee, magurudumu ya mbele yakigeuzwa kwa nyuzi 1, gari lenye masafa ya mita 2.25 hufuata mviringo wenye nusu kipenyo cha takriban mita 129. Lenye mita 3 hufuata wa takriban mita 172. Kwa maneno mengine, mkono uleule huleta mgeuko mkali zaidi. Katika njia nyembamba ya msituni, wepesi huo ni neema. Katika barabara kuu, huwa ni mtihani, maana chafya ya dereva, shimo dogo au ufa wa lami huweza kulihamisha gari kabla hajatambua. Dereva asiyezoea hulirudisha kwa nguvu, likapita upande wa pili, naye akalirudisha tena. Mwenendo huo wa kusahihisha kupita kiasi ndio unaozaa ajali nyingine ambazo mashahidi husema gari lilianza kucheza lenyewe.

Hali ya pili ni ya upepo. Gari la porini lina pande zilizosimama wima kama ukuta, nalo ni jepesi kuliko linavyoonekana. Linapolipita trela, kwanza hukingwa na upepo, kisha linapochomoza mbele ya kichwa cha lori hupigwa ghafla. Upepo wa ubavuni kwa kawaida hulemea zaidi sehemu iliyo mbele ya kitovu cha uzito, hivyo omo husukumwa kando kuliko tezi. Gari refu hulipinga sukumo hilo kwa sababu magurudumu yake ya nyuma yako mbali na kitovu na yana wenzo mrefu. Gari fupi lina wenzo mfupi.

Hali ya tatu ni ya breki. Kila gari linapofungwa breki, uzito husogea mbele, na kadiri masafa ya ekseli yalivyo mafupi na kitovu cha uzito kilivyo juu, ndivyo unavyosogea zaidi. Lichukuliwe gari la kilo 1,100 ambalo kitovu chake cha uzito kiko mita 0.7 juu ya ardhi. Likifungwa breki kwa nguvu, kwa kiasi cha sehemu 6 za kumi za mvutano wa dunia, uzito wa takriban kilo 205 utahama kutoka nyuma kwenda mbele. Kama gari hilo lingekuwa na masafa ya mita 3, zingehama kilo 154. Magurudumu ya nyuma yaliyopunguziwa uzito hushika lami kidogo. Breki hiyo ikifungwa katikati ya kona, tezi hutaka kuipita omo, nalo gari huserereka ubavu ukiwa mbele.

KUSEREREKA SI KUPINDUKA

Hapa ndipo panapohitajika uangalifu wa maneno, kwani mazungumzo ya kawaida huyachanganya mambo mawili. Husemwa kwamba gari fulani hupinduka kwa sababu ni fupi. Kauli hiyo si sahihi. Uwezekano wa gari kupinduka kwa ubavu hutegemea hasa uwiano wa upana baina ya magurudumu na kimo cha kitovu cha uzito. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilianza kutoa viwango vya hatari ya kupinduka kwa magari ya mwaka wa 2001 kwa kutumia uwiano huo: nusu ya upana ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Urefu wa gari haumo katika hesabu hiyo.

Gari lenye upana wa mita 1.40 baina ya magurudumu na kitovu kilicho mita 0.70 juu ya ardhi hupata uwiano wa 1.00. Kitovu hicho kikiinuliwa kwa sentimita 8 pekee, uwiano hushuka hadi takriban 0.90. Magari madogo ya saluni, ambayo hukaa chini, kwa kawaida huwa na uwiano wa zaidi ya 1.3.

Uhusiano uliopo baina ya ufupi na kupinduka ni wa mfuatano, si wa usawa. Ufupi huliwahisha gari kugeuka ubavu. Likishakuwa ubavu, kimo na wembamba ndivyo vinavyoamua iwapo litaserereka hadi lisimame au litabiringika. Tairi likikwama kwenye mchanga wa kando au kwenye ukingo wa lami wakati huo, hukumu huwa imekwisha kutolewa. Kwa hivyo kila anayetafuta usalama hana budi kujiuliza maswali mawili badala ya moja: ni kitu gani kitakachoanza kulipeleka gari ubavu, na likifika huko litasimama au litaanguka?

Mjadala huu uliwahi kufika mahakamani. Mwaka wa 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani lililipa gari la Suzuki Samurai alama ya kutokubalika, likidai kwamba lilielekea kupinduka katika jaribio la kukwepa kizuizi kwa ghafla. Kampuni ya Suzuki iliupinga utaratibu wa jaribio hilo, ikafungua kesi mwaka wa 1996, na pande zote mbili zikaafikiana nje ya mahakama mwaka wa 2004. Bila kuamua nani alikuwa na haki, msomaji anaweza kuona funzo moja: hata jaribio lenyewe lilihusu kugeuza usukani kwa ghafla, kwa mwendo ambao dereva wa kawaida huuona wa kadiri. Gari halikutakiwa kwenda kasi ya ajabu. Lilitakiwa kukwepa tu.

TIBA ZINAZOZIDISHA MARADHI

Kutokana na maelezo haya, inadhihirika kwamba baadhi ya mabadiliko yanayopendwa na wenye magari haya huongeza tatizo. La kwanza ni kuliinua gari kwa springi ndefu na kulivisha matairi makubwa. Sura huwa ya kishujaa, lakini kitovu cha uzito kimepandishwa, na upana mara nyingi umebaki vilevile. Pia lipo dhara lisiloonekana. Mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia huundwa ukiwa umeegemea nyuma kidogo, kama uma wa mbele wa baiskeli, na mwegemeo huo ndio unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe baada ya kona. Katika magari ambayo ekseli ya mbele hushikwa na mikono mirefu ya chuma, kama Jimny, kuinua bodi huizungusha ekseli na kupunguza mwegemeo huo. Usukani basi husahau njia ya kurudi katikati, na gari huzurura katika lami kama ng'ombe asiyefungwa.

La pili ni keria ya juu ya paa. Tairi la akiba, madebe ya mafuta na mizigo ya safari vikipangwa huko, gari huwa limebeba shehena yake mlingotini. Mabaharia walijua kinyume chake: waliweka farumi, yaani mawe au mchanga, chini kabisa ya chombo ili kisiende mrama. Kilo 60 juu ya paa haziwi sawa na kilo 60 sakafuni, hata mizani ikisema hivyo.

La tatu ni kutafuta utulivu kwa kupunguza upepo wa matairi. Ni kweli kwamba tairi laini hunesa vizuri, na porini ni desturi njema kupunguza upepo ili tairi litanuke na kushika mchanga. Lakini tairi hilohilo katika mwendo wa barabara kuu hupinda kuta zake, huchelewa kuitikia usukani, na hupata joto hata likaweza kupasuka. Anayetoka porini hana budi kurudisha upepo kabla ya kuingia barabarani, kwa kipimo kilichobandikwa na mwundaji, tairi likiwa baridi. Kupita kipimo nako hakufai, kwa kuwa tairi gumu huliongezea gari fupi ule mtikiso unaokimbiwa.

TIBA ZIFAAZO

Tiba ya kweli huanza na uzima wa vilivyopo. Gari lenye ekseli nzima huvumilia uchakavu porini lakini hulipiza katika lami. Bushi zilizoliwa, beringi zilizolegea, ncha za rodi za usukani zenye mchezo na magurudumu yasiyosawazishwa huweza kuzaa mtetemo mkali wa magurudumu ya mbele, ambao huanza kwa shimo dogo na kuutikisa usukani mikononi hadi dereva apunguze mwendo. Wengi huutibu kwa kuongeza kizuia-mtetemo kwenye usukani. Kifaa hicho kina faida, na Jimny ya 2018 ilitoka kiwandani ikiwa nacho, lakini kikiwekwa ili kuficha bushi mbovu huwa ni kumfunika mgonjwa shuka na kusema amepona. Fundi mwema huanza na bushi ya pau ya mshazari inayoizuia ekseli isihame kando, kisha rodi, kisha beringi, kisha usawa wa magurudumu. Shoki huja vilevile katika orodha hii: zikichoka, mwinamo mmoja wa omo na tezi huzaa wa pili na wa tatu.

Jambo la pili ni mpangilio wa mzigo. Vitu vizito vikae sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma na si nyuma yake. Mzigo uliopita nyuma ya ekseli hulifanya gari fupi kama mizani ya kapani: tezi ikilemewa, omo huinuka, na magurudumu yanayoongoza hupoteza uzito wa kushikia lami.

Jambo la tatu ni matumizi ya magurudumu manne. Katika gari lisilo na difu ya kati, kuunganisha ekseli mbili juu ya lami kavu hakuongezi uthabiti. Katika kona magurudumu ya mbele husafiri masafa marefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa yamefungwa pamoja, mitambo hujikaza, usukani huwa mzito na matairi huburuzwa. Barabara kuu kavu ni ya magurudumu mawili.

Jambo la nne, na kubwa kuliko yote, ni mwendo wa dereva. Nguvu iliyomo katika gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya kilomita 80. Upungufu mdogo wa mwendo huleta nafuu kubwa kuliko springi ya bei ghali. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, na breki isiachiwe kazi hiyo ndani ya kona. Usukani ushikwe kwa mikono miwili iliyotulia, na macho yatazame mbali, kwa maana anayetazama karibu husahihisha mara nyingi.

Yastahili kutajwa mahususi hali ya kushuka kwenye ukingo wa lami, ambayo hutokea mara kwa mara katika barabara zetu dereva anapompisha mwenye haraka. Gurudumu la kushoto likiporomoka, silika humwambia dereva alirudishe upesi. Tairi hukwangua ukingo, hukataa, kisha hupanda kwa ghafla usukani ukiwa umekwisha kugeuzwa mno, na gari fupi huruka hadi upande wa magari yanayokuja. Njia salama ni kuachilia mafuta, kulishika gari lilivyo, kuliacha lipungue mwendo bila breki kali, na kulipandisha polepole mahali ambapo ukingo ni mfupi na barabara i wazi.

Magari mapya ya aina hii, ikiwemo Jimny ya 2018 katika masoko mengi, yana mfumo wa kielektroniki unaoweza kufunga breki ya gurudumu mojamoja pindi gari linapoanza kuserereka. Msaada wake ni mkubwa, kwa kuwa huizuia hatua ya kwanza ya mfuatano uliotajwa hapo juu. Hata hivyo, mfumo huo hutegemea mshiko wa matairi, wala hauwezi kukishusha kitovu cha uzito ambacho mwenye gari amekipandisha.

HITIMISHO

Makala haya yamefafanua kwamba ukosefu wa utulivu katika gari fupi la porini hutokana na masafa mafupi ya ekseli, ekseli nzito na springi ngumu. Kwamba wepesi wake wa kugeuka ni sifa ileile inayolifaa porini. Na kwamba kupinduka ni jambo jingine linalotawaliwa na kimo na upana. Anayelitumia gari hili katika barabara kuu hahitaji kuliogopa. Anahitaji kuacha kulidai liwe gari jingine: kuvumilia mtikiso wake, kutunza bushi na matairi yake, kuweka shehena chini, na kutoliongezea kimo kwa ajili ya sura.

Wahenga wa pwani walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa chombo hiki cha nchi kavu, ngamani ndipo uzito unapotakiwa kukaa.